Samaki Mwenye Masikio

Bwana wangu Zotiko alikuwa na jeneza la marumaru lililokaa uani miaka kumi na mmoja bila kupata maiti. Mengine yalichongwa, yakapakiwa, yakaenda zake. Hilo lilibaki. Kuku walitagia humo. Mvua ikinyesha lilijaa, nasi tukafulia nguo. Mteja aliyeliagiza alikuwa taabani siku aliyoliagiza, kisha akapona kwa ubishi tu, akahamia Kapua, na sisi hakutukumbuka tena.

Halikuwa baya. Upande wa mbele alilala Endimioni, yule kijana mchunga kondoo aliyependwa na Mwezi, uchi kama alivyozaliwa, mkono mmoja juu ya kichwa, usingizi mzito. Kushoto kwake Mwezi mwenyewe, bibi mzuri mwenye pembe mbili kichwani, alikuwa akishuka kwenye gari la farasi kuja kumwangalia. Vitoto viwili vyenye mbawa vilimshikia mienge. Pembeni alisimama mchungaji mwingine amebeba kondoo dume mabegani, na juu ya wote ulitambaa mzabibu wenye vichala vinne.

Kasoro ilikuwa moja: Endimioni hakuwa na uso. Sisi wachonga majeneza wa Roma ndivyo tunavyofanya. Tunamaliza kila kitu mpaka kucha za miguu, lakini uso tunauacha donge la jiwe, tukisubiri kujua atakufa nani. Basi kwa miaka kumi na mmoja kijana mzuri kuliko wote duniani alilala uani kwetu na kichwa kama kitunguu.

Mimi ndiye Trofimo. Nilinunuliwa nikiwa na miaka kumi, nikapewa keekee ya kutobolea nywele za sanamu, na kwa miaka tisa nimetoboa nywele nyingi kuliko vinyozi wote wa mji huu. Sasa, kwenye sikukuu ya Saturno, siku zile ambazo mabwana huwaandalia watumwa meza, Zotiko alikunywa akapitiliza. Mbele ya watu sita wa chama cha wachonga mawe aliweka mkono juu ya miungu ya nyumba yake, akaapa kwa sauti kubwa.

"Siku jeneza lile litakapotoka kwenye lango hili, na Trofimo atatoka nalo, mtu huru."

Walicheka mpaka mmoja wao akameza kokwa la zeituni. Mimi nami nilicheka, maana mtumwa asiyecheka huulizwa sababu. Kesho yake asubuhi nikaanza kulisafisha mavi ya kuku.

Miezi saba ikapita. Mwezi wa Julai, kwenye joto lile la kuyeyusha nta, wakaingia wanawake wawili kwa lango moja, wameachiana nafasi ya kupita ng'ombe. Wa kwanza ni Afrodisia, mke wa Mustio mwoka mikate. Wa pili ni Mama Petronia, mamaye Mustio. Mustio mwenyewe alikuwa nyumbani, amekufa tangu jana.

Huyu Mustio maisha yake yote alikuwa mtu wa kusema ndiyo. Asubuhi alifukiza uvumba kwa miungu ya mama yake, na siku ya Bwana alikwenda kuimba na mkewe kwa Wakristo. Alipoona anakata roho aliwaita wote wawili akasema azikwe kwa watu wa mkewe, kule kwenye mahandaki yao ya kuzikia, barabara ya Apia, lakini ndani ya jeneza ambalo mama yake amelikubali. Kisha akafa haraka, kabla hawajamuuliza swali. Nakwambia, alikuwa mtu mwerevu.

Walikubaliana siku tatu. Zikipita bila jeneza la kuwaridhisha wote, Mama Petronia angemchukua mwanawe akamlaze kwenye kaburi la ukoo, sarafu mdomoni ya nauli ya kuzimu, na mkwe wake abaki na nyimbo zake.

Zotiko aliwaambia hakuna namna. Jeneza jipya ni kazi ya miezi miwili, na yaliyokuwepo yalikuwa ya watu wa kawaida, wakati Mustio alilingana na tanuri lake. Wanawake wakatazamana, wakageuka waondoke.

"Tunalo moja," nikasema.

Zotiko alianza kucheka. Kisha akakumbuka kiapo, na kicheko kikamfia shingoni. Lakini wateja walikuwa wameshalifuata jeneza, na hakuna mfanyabiashara anayemzuia mteja asiangalie mali. Akanisogelea sikioni, akanong'ona kwamba hata nikiwaridhisha hao wawili, kule mahandakini halishuki jeneza mpaka mzee Apolinari wa Wakristo aseme ndiyo, na mzee Apolinari hajawahi kusema ndiyo tangu ajue kusema. Hilo lilikuwa kweli. Siku moja alikataa taa kwa sababu imechorwa bata.

Basi nikamfuata mzee mwenyewe, maana bila yeye nisingelala.

Alikuja na fimbo. Alikuwa mdogo, mkavu, ana macho ya mkaguzi wa mizani sokoni, na miungu ya kale ilimtia kichefuchefu. Jina lake lenyewe lilitokana na Apolo, mungu wa jua, lakini nani angemwambia? Na yule Afrodisia, muumini safi, alikuwa na jina la mungu wa mahaba. Wazazi wao waliwaita hivyo, wakazoea. Ila kwenye jiwe hawakutaka mchezo.

Mzee akalizunguka jeneza mara tatu. Akasema vyote viondoke.

Mama Petronia akajibu kwamba hakiondoki kitu. Akaeleza, kwa sauti ya chini ambayo sikuitegemea, kwamba mwoka mikate huamka kabla ya jogoo, na mwanawe alikuwa ameamka kabla ya jogoo kwa miaka thelathini.

"Mwanangu hakuwahi kulala akashiba usingizi," akasema. "Huyu hapa amelala. Namtaka huyu."

Afrodisia akainama kumtazama kijana wa jiwe. Kisha akasema, "Hapo, mama, hata mimi naona alale."

Ilikuwa mara ya kwanza kwa wale wawili kukubaliana tangu harusi. Sote tukamgeukia mzee. Mzee akatazama chini, akakuna kidevu kwa fimbo, akauliza kama kuna mtu yeyote anayelala kwenye Maandiko. Afrodisia ndiye aliyempata. Akanisimulia habari za Yona, nabii aliyemkimbia Mungu kwa meli, akamezwa na samaki mkubwa siku tatu, akatapikwa pwani kwa amri ya Mungu, na baadaye akalala chini ya mtango.

Nikamuuliza kama alilala uchi.

"Katapikwa na samaki," akasema mzee Apolinari. "Nguo angezipata wapi?"

Hapo nikajua huyu mtu tutafanya naye kazi.

Endimioni hakuguswa hata na vumbi. Aligeuka Yona akiwa usingizini, bila kujua. Shida ilikuwa hao waliomzunguka. Marumaru ina adabu yake: unaweza kupunguza, huwezi kuongeza. Kwa hiyo kila aliyekuwemo kwenye habari ya Mwezi ilibidi apunguzwe mpaka aingie kwenye habari ya Yona, na kila nilipoinua patasi Mama Petronia alikohoa. Alikuwa amejiletea kiti.

Gari la Mwezi likawa meli. Magurudumu nikayachonga mawimbi. Bibi Mwezi mwenyewe nilimkata pembe za kichwani, na mikono yake iliyokuwa inashika hatamu ikabaki imeinuliwa hewani haina kitu. Mzee akasema ni roho inayoomba. Mama Petronia akasema ni Mwezi, ameinua mikono kwa kushangaa uzuri wa mwanawe. Wote wawili wakaridhika, wakanywa maji.

Vitoto vyenye mbawa ndivyo vilivyotupotezea mchana mzima. Mimi, kwa kujipendekeza, nilisema hao ni malaika. Mzee aliniangalia kama niliyemtukania mama.

"Malaika hawana mbawa, kijana. Ibrahimu aliwapokea watatu akadhani ni wapita njia, akawachinjia ndama. Wangekuwa na mbawa angeuliza."

"Na hao si malaika," akadakia Mama Petronia. "Hao ni wana wa Venusi, mungu wa mahaba. Likianguka bawa moja, Mustio nampeleka kwangu."

Afrodisia akaingia kati. Akawaambia jeneza litawekwa kwenye kona, ubavu mmoja ukutani, na hapo mzee atakuwa anapita upande huu na mama upande ule. Tukamaliza hivi: kila kitoto kikabaki na bawa moja, lile lisiloonekana na mzee. Nilipovitazama kutoka mbele vilikuwa kama kuku waliotoroka jikoni katikati ya shughuli.

Tulipofika kwa mchungaji aliyebeba kondoo dume, nilishika nyundo tayari kwa vita. Mzee Apolinari akasema huyo hana neno, huyo ni Mchungaji Mwema, aachwe alivyo. Mama Petronia akashusha pumzi, akasema afadhali mungu Merkuri wamemwacha. Wakatabasamiana, kila mmoja akidhani mwenzake ameanza kupata akili.

Mzabibu nao ulikuwa na kesi. Mzee alisema zabibu ni za yule mungu wa walevi. Afrodisia akamkumbusha kwa upole kwamba Bwana mwenyewe alijiita mzabibu. Mzee akafikiri. Akasema Bwana alisema mzabibu, hakutaja vichala, na Yona alilala chini ya mtango, si kilabuni. Nikachonga vichala vitatu vikawa matango. Cha nne nilikisahau. Mpaka leo uko mmea kule chini unaozaa matango na zabibu kwenye shina moja, na mkulima akiuona atahama mji.

Siku ya pili jioni ikabaki samaki. Samaki mwenyewe hakuwepo, ilibidi atoke kwenye farasi. Walikuwa wawili wamesimamia miguu ya nyuma. Nikawaunganisha. Shingo ya mmoja ikawa shingo ya mnyama, kiwiliwili cha wa pili nikakizungusha mara mbili kama kamba ya kisimani, mikia ikawa mkia. Meno nilimpa mengi, kwa heshima. Tatizo ni kwamba Mama Petronia alikataa katakata farasi wa Mwezi wauawe. Akasema atavumilia watiwe magamba, lakini anataka awatambue. Tukakubaliana aachiwe masikio.

Asubuhi ya siku ya tatu mzee Apolinari akasimama mbele ya mnyama yule kwa muda mrefu. Zotiko naye alikuwa amekuja, amekunja mikono, anatabasamu. Siku ilikuwa inaanza kuchemka. Kule nyumbani kwa Mustio, Afrodisia alisema, manemane imeanza kushindwa.

"Kijana," akasema mzee. "Samaki ana masikio?"

Nikatazama lango. Tazama, mimi kwenye dini za watu sina upande. Upande wangu ulikuwa lango lile, na liliniangalia likiwa limefungwa.

"Mzee," nikasema, "mmesema Mungu alimwamuru samaki amtapike Yona. Bila masikio angesikiaje?"

Nzi akapita. Mzee akafumba macho. Midomo yake ikacheza bila sauti, nadhani alikuwa anayapitia Maandiko kutafuta samaki mwingine. Alipofumbua, macho yalikuwa na machozi. Akasema amekuwa muumini miaka arobaini na jambo hilo hakuwahi kulifikiria. Akaomba yaongezwe yawe makubwa kidogo. Nikamweleza habari ya marumaru, kwamba haiongezwi. Akasema basi yatosha, imani itaongeza.

Tabasamu la Zotiko likateremka.

Ukabaki uso. Kwa kawaida anauchonga bwana mwenyewe, lakini macho ya Zotiko yalikuwa yameliwa na vumbi la mawe, anaona mpaka ncha ya pua yake tu, na siku hiyo hakuwa na haraka yoyote ya kusaidia. Akanitupia patasi ndogo. Mustio sikuwahi kumwona, mikate yetu tulinunua kwingine. Nikawauliza wanawake wanieleze alivyokuwa.

Afrodisia akasema kipara, pua pana iliyolala kidogo kushoto, kidevu chenye kishimo, mashavu yanayoanguka. Mama Petronia akasema si kweli, mwanawe alikuwa na nywele za mawimbi. Afrodisia akauliza ni lini. Mama akasema alipokuwa na miaka kumi na tisa. Mzee Apolinari akakata shauri: mtu akikaa siku tatu kwenye tumbo la samaki nywele hazibaki, kipara ni sahihi.

Nikafanya kazi mpaka adhuhuri, jasho likiniangukia puani. Naapa sikukusudia kitu. Lakini mtu aliyekaa utumwani miaka tisa anaujua uso mmoja tu kikamilifu, ule anaousoma kila asubuhi kujua kama leo ni siku ya kofi au siku ya mkate. Mkono wangu ulikwenda ulikozoea kwenda.

Nilipopuliza vumbi, Afrodisia alijifunika mdomo kwa shela. "Ndiye," akasema. Mama Petronia aliinuka kwenye kiti kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu, akaupapasa uso wa jiwe kwa kiganja, akalia bila sauti. Alisema tu kwamba amenenepa kidogo. Mkwe wake akamshika kiuno, na mama hakumsukuma.

Mkokoteni ukaletwa, ng'ombe wanne. Wanaume wanane wakalipandisha jeneza juu ya magogo, kifuniko juu yake, kamba zikafungwa. Ikabaki desturi moja. Jeneza letu haliondoki mpaka bwana apitishe mkono usoni mwa marehemu, kumtakia safari njema. Zotiko akaja kwa kuburuta miguu. Akaweka vidole kwenye kipara cha jiwe, vikateremka kwenye paji, vikafika puani. Vikasimama.

Akapeleka mkono mwingine kwenye pua yake mwenyewe.

Akashika kidevu cha jiwe, akashika chake. Kishimo, na kishimo. Akasogea mpaka pua zote mbili zikagusana, ile ya jiwe na ile ya nyama, zote zimelala kushoto.

"Hili jeneza haliondoki," akasema. "Huyu ni mimi."

Afrodisia akamwambia kwa adabu kwamba huyo ni mume wake, na kwamba mume wake yuko nyumbani anaharibika. Zotiko akasema anaujua uso wake. Mama Petronia akamwambia pua ya mwanawe ilikuwa nzuri mara kumi. Mzee Apolinari akagonga fimbo chini, akasema wote wanakosea, huyo ni Yona. Zotiko akaona maneno hayamsaidii. Akalala chini kwenye vumbi, mbele ya ng'ombe, akaweka mkono mmoja juu ya kichwa, akafumba macho, ili walinganishe. Wapakiaji wanane wakainama kumtazama, wakainuka kulitazama jiwe, wakainama tena. Mmoja akasema mguu wa Yona ni mzuri zaidi.

Jua lilikuwa utosini. Siku ya tatu ilikuwa inayeyuka. Mama Petronia alishaanza kuangalia njia ya kwenda kwenye kaburi la ukoo, na mimi nilishaanza kuiona keekee yangu ikiningoja ukutani kwa miaka tisa mingine.

Nikachuchumaa vumbini karibu na sikio la bwana wangu.

"Bwana," nikamwambia, "umesema kweli, ni wewe. Basi fikiri mwenyewe. Jeneza lenye uso wako likibaki hapa uani, linamngoja nani?"

Jicho moja likafumbuka.

"Lakini likiondoka leo," nikaendelea, "likazikwa kwa nyimbo na machozi, na mtu mwingine ndani, wewe utakuwa umeshazikwa. Kifo kikija kukutafuta kitaambiwa huyo mbona yuko chini tangu Julai."

Zotiko ni mtu ambaye hatoki nje kabla ya kugusa kizingiti, na paka akipiga chafya hubadilisha njia. Akabaki amelala, anafikiri. Kisha akaruka, akatema mate kifuani mara tatu, akawapigia kelele wapakiaji kwamba wanasubiri nini, wanataka auawe, waswage ng'ombe.

Magurudumu yakalia. Hapo nikaparamia mkokoteni, nikaketi juu ya kifuniko cha jeneza, miguu ikining'inia mbele ya samaki. Kiapo kilisema tutoke pamoja, na sikutaka mwanasheria yeyote aje aseme nilitangulia au nilichelewa. Watu wawili wa chama walikuwa wamesimama mlangoni kwao, ng'ambo ya njia. Niliwapungia mkono. Tulipopita chini ya lango, mimi na Mwezi aliyekatwa pembe, na vitoto vya bawa mojamoja, na farasi wawili waliookoka mpaka masikioni, nilimgeukia Zotiko nikauliza kama aliyoyaapa bado yanasimama.

"Ondoka," akasema, hali anahema. "Uko huru, ondoka, mpeleke haraka."

Mustio akazikwa jua likiwa bado juu. Mama yake alisema sasa atalala.

Mwaka wa nne huu. Nafanya kazi palepale kwa Zotiko, kwa ujira, maana ni nani mwingine angenivumilia. Wakristo wote wanataka Yona, na wote wanataka samaki awe na masikio. Karakana za ng'ambo ya mto nazo zimeiga, ingawa masikio ya kwao ni madogo. Nyuso nachonga mimi.

Bwana wangu wa zamani amekuwa mtu wa raha kuliko wote Roma. Anapita chini ya mawe yaliyoning'inia, anakula uyoga wowote, akivuka barabara hatazami. Amekwisha kuzikwa, atafanywa nini? Kila mwaka siku ya Mustio tunashuka kule chini pamoja. Afrodisia huimba zaburi. Mama mkwe wake humwaga divai kwenye tundu la kifuniko kumnywesha mwanawe, na mzee Apolinari wakati huo hukumbuka kukagua ukuta wa upande mwingine. Zotiko huleta mawaridi yake mwenyewe, huyaweka kifuani pa Yona, na mara nyingine hulia kidogo.

Mwaka jana alilalamika njia nzima ya kurudi kwamba waombolezaji walikuwa wachache.